Saa Kumi, Mama Haimbi

Jumatatu, 3 Machi

Uzi wa tatu wa gitaa umekatika tena. Nimeufunga fundo. Fundo linakwaruza kidole, lakini duka la nyuzi liko katikati ya mji na miguu imekataa.

Mazoezi saa mbili hadi saa nne asubuhi. Jirani wa chini amegonga dari mara mbili. Zamani alikuwa akigonga ili ninyamaze. Siku hizi anagonga kwa mdundo. Hiyo ndiyo faida ya kupigwa redioni.

Ni wiki ya tatu sasa wimbo wangu unapigwa kila siku. Mama mboga wa hapa mtaani Section 58, Nakuru, ameniongezea kitunguu bila kuombwa. Mtu wa bodaboda ameupiga mluzi kutoka stendi hadi mlangoni kwangu, akakosea palepale wanapokosea wote, pale sauti inaposhuka. Miaka tisa nimeimba hotelini watu wakila nyama choma na kunipa mgongo. Sasa wanageuka. Nafurahi. Nadhani nafurahi.

Saa kumi jioni nimempigia Mama. Ni desturi yetu tangu nihamie mjini, ingawa kwa wiki hizi mbili zilizopita niliikosa kabisa kwa ajili ya mahojiano na kukimbizana. Saa kumi ndiyo saa ya kukamua kule nyumbani, Dundori. Mama hupokea, huweka simu juu ya nguzo ya zizi, nami husikiliza maziwa yakiingia ndooni na yeye akimwimbia Dachesi, ng'ombe wake. Hatuongei. Ndoo ya kwanza ikijaa anasema, "Ndoo imejaa," anakata. Kwetu hayo ni mazungumzo tosha.

Leo maziwa nimeyasikia. Kuimba sikusikia. Labda simu ina shida.

Jumanne, 4 Machi

Simu haina shida.

Hakuimba leo pia. Maziwa yalitoka kwa kusuasua, kidogo, kimya, kidogo. Mwishoni hakusema ndoo imejaa. Alisema, "Haya basi," akakata.

Sikuuliza. Sijui kwa nini sikuuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike ukweli hapa, maana kwingine siuandiki.

Wimbo unaopigwa redioni si wa mapenzi. Ni wa ng'ombe. Ni ule ule ambao Mama amemwimbia Dachesi, na Dachesi aliyemtangulia, na yule aliyemtangulia huyo. Ng'ombe wetu wote wanaokamuliwa ni Dachesi. Jina lilitoka kwa mzungu ambaye Cucu, mama yake Mama, alimfanyia kazi ya kukamua zamani, kabla shamba halijagawanywa. Ng'ombe bila wimbo hashushi maziwa. Anayazuia kwenye kiwele, anakutazama tu.

Mama huimba, "Simama, Dachesi, simama, mimi ndiye niliyekuja." Huimba kwa Kikuyu, bila shaka. Mimi nikaweka Kiswahili na gitaa. Odera, prodyusa wangu, akasema hakuna atakayenunua wimbo wa ng'ombe, tuweke "mpenzi." Nikaweka "mpenzi." Ilinichukua sekunde mbili kukubali. Sekunde mbili!

Sehemu ya kwanza ni ya Mama. Ya pili, ambapo sauti inashuka, ni ya Mama. Ya tatu ni yangu mwenyewe. Nilipokuwa msichana kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo ya kwanza hadi jikoni nikachuje maziwa kwa kitambaa. Nikirudi zizini nakuta Mama amemaliza, anampaka Dachesi mafuta kwenye chuchu. Kwa hiyo mwisho wa wimbo wake sijawahi kuusikia. Nilijitungia wangu nikiwa njiani na ndoo, mkono mmoja ukiuma.

Sikumwomba ruhusa. Nilimwambia tu, "Mama, nimerekodi kitu, utasikia." Sasa amesikia. Na sasa haimbi.

Saa kumi: kimya tena.

Ijumaa, 7 Machi

Odera ameniletea fomu. Kampuni moja ya Nairobi inataka kutoa albamu yangu nzima, nyimbo kumi, picha yangu kwenye jalada. Nimeota jambo hili tangu nikiwa na gitaa la kuazima. Fomu irudi Ijumaa ya tarehe 21.

Kurasa nne. Jina, kitambulisho, anwani. Halafu kwa kila wimbo mstari mmoja: *Mtunzi*. Mstari mfupi, jina moja tu linaingia.

Tisa nimejaza hapo hapo. Wa kumi nimeuacha wazi.

Jumamosi, 8 Machi

Harusi Gilgil. Waliniita kwa ajili ya wimbo huo mmoja. Bwana harusi ni mwanajeshi, mabega mapana, na alilia kabla hata ya bibi harusi. Nami nimesimama pale naimba, nikijua yale maneno yalitungwa kwa ajili ya ng'ombe asimwage ndoo kwa teke. Nilibanwa na kicheko, kisha kicheko kikageuka kitu kingine.

Baada ya chakula bibi kizee mmoja alinishika mkono. Alitoka upande wetu, Dundori, nikamjua kwa kitambaa cha kanisa. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu, mkono wa mkamuaji. Hakunisifu. Aliuliza, "Wee ni wa Mama Kariuki, si ndio? Sasa mamako anakamua na nini?"

Nikasema anakamua na mikono. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia na kipofu. Akaenda zake kutafuta keki.

Nimeandika swali lake mara tatu pembeni mwa ukurasa huu. *Sasa mamako anakamua na nini.* Hilo ni tusi au ni swali?

Jumapili, 9 Machi

Nimepanda Dundori. Baridi ya kule nilikuwa nimeisahau. Viazi vimechimbwa upande wa juu, upande wa chini bado. Mama alinipikia chai, akanipa mukimo wa viazi, akauliza kama nakula vizuri, akasema nimekonda, akaniambia ni nani amekufa na ni nani ameolewa. Wimbo hakuutaja. Nusu ya kijiji ilinisimamisha njiani kuusifu, na Mama, ndani ya nyumba ambamo nilizaliwa, hakuutaja.

Saa kumi nilimfuata zizini. Akaosha kiwele kwa maji ya moto. Akakaa kwenye kigoda. Akaanza kukamua. Kimya. Dachesi aligeuza kichwa, akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Mama naye akanitazama. Nikajua ninahukumiwa na wote wawili. Nikaangalia gambuti zangu za mpira.

Nusu ndoo. Kwa ng'ombe aliyekuwa akijaza moja na kuanza ya pili.

"Dachesi amepunguza," Mama akasema. Basi. Kama mtu anayesema kuna mawingu.

Kitu kimoja zaidi. Redio ya jikoni haiko jikoni tena. Ameitundika zizini kwa msumari, juu ya hori la nyasi. Nimefikiria sana. Kwa nini mtu ahamishe redio? Ili asikie ninavyouza kitu chake huku akifanya kazi niliyoikimbia? Mama si mtu wa vijembe. Lakini sioni maana nyingine.

Alinifungia viazi na kabichi. Nikashuka mlima na gunia, nimeona aibu ya mtoto aliyeiba sukari na bado hajachapwa.

Jumatano, 12 Machi

Kaka yangu Kariuki amepiga simu kutoka Olkaria. Anachomelea mabomba ya mvuke wa ardhini huko na huongea kwa kupayuka hata akiwa kitandani. Anasema mtu wa maziwa amemuuliza kama ng'ombe wa Mathe, yaani Mama, ni mgonjwa.

"Si mgonjwa," Kariuki akasema. "Ni wewe. Umechukua wimbo wa mathe ukampea Kenya yote. Ulidhani atacheka?"

Nikamwambia afunge mdomo. Nikamwambia yeye hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe maisha yake yote. Hiyo ni kweli, kwetu wavulana walikata nyasi ya nepia tu. Nikakata simu. Alikuwa amesema kwa sauti kile nilichokuwa nakisema kimoyomoyo.

Nina hasira. Na Kariuki, na Odera, na yule bibi wa Gilgil. Na Mama pia! Kama amekasirika si aseme! Mwanamke aliyewahi kunifukuza na mwiko shamba zima kwa ajili ya kuvunja glasi moja, leo ameniibukia na upole.

Nimejaribu kutunga wimbo mwingine wa kuweka mahali pa ule. Saa mbili nzima. Kila sauti inayokuja inateremka palepale, kwenye ule mteremko wa Mama. Sina mteremko mwingine. Inawezekana sijawahi kuwa na wimbo wangu hata mmoja.

Ijumaa, 14 Machi

Kwa Odera. Studio yake iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi na kila rekodi yangu ina mlio wa mabati ndani yake ukisikiliza vizuri.

Nilichukua fomu. Pale kwenye Mtunzi nikaandika jina la Mama. Nikalifuta. Nikaandika langu. Nikalifuta. Karatasi ikatoboka.

Odera alivuta pumzi ndefu. Ni mtu mvumilivu. Babu yake alikuja Nakuru kujenga reli, na anapenda kusema ukoo wao unajua kungoja treni. Akanipa fomu nyingine. Nikamwambia tuuondoe wimbo. Usipigwe tena, usiwe kwenye albamu, basi.

"Boss," akasema, "hii si stima, ati unazima tu."

Kisha akasema bila huo wimbo hakuna albamu. Wanautaka huo. Hizo zingine tisa ni za kuusindikiza.

Najua. Nimejua tangu Ijumaa iliyopita. Nimetoka bila kuaga.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Sikwenda Dundori. Saa kumi nilipiga simu. Akapokea, akaiweka juu ya nguzo. Nikasikia pumzi ya Dachesi. Nikasikia kigoda kikiburutwa. Mama hakuimba, nami sikusema neno. Dakika nane.

"Haya basi."

Ninampigia Mama simu kila siku ili tunyamaze pamoja. Mtu akinieleza maana yake nitamnunulia chai.

Jumanne, 18 Machi

Olkaria. Sherehe ya wafanyakazi wa mabomba, saa tisa mchana, jukwaa la mbao, mvuke unapanda nyuma yetu na harufu ya mayai yaliyooza. Kariuki ndiye aliyenipangia kabla ya ule ugomvi wetu, na hakutaka kuniondoa. Amevaa shati jipya. Amemwambia kila mtu, "Huyo ni sista yangu."

Nilikuwa nimeamua. Sitauimba. Nikitaka kuwa mwana wa Mama, nianze leo.

Nikaimba nyingine sita. Walipiga makofi ya adabu. Halafu wakaanza kuuitisha, mmoja, watano, wote, wakigonga kofia zao za chuma kwa viganja. Nikasema sauti imechoka. Nikashuka. Kama saa kumi na dakika kidogo.

Kariuki alinikuta nyuma ya jukwaa. Nilitarajia kelele. Hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha. Alikuwa ameshika simu mkononi, bado iko hewani, ameielekeza kule jukwaani.

Mama alikuwa upande wa pili. Alikuwa amempigia mwenyewe asubuhi, akamwomba: Nyambura akianza ule wimbo, nisikilizishe. Alikuwa zizini. Alikuwa ameshaosha kiwele, ameweka ndoo, amekaa kwenye kigoda na simu juu ya nguzo, anangoja. Ameketi hivyo nyimbo sita.

"Anauliza mbona hujaimba," Kariuki akasema.

Nikachukua simu. Ilikuwa imekatika.

Sielewi. Nimeshindwa kuelewa mara ngapi kwenye daftari hili? Mtu aliyeibiwa haombi kusikilizishwa kitu chake. Na kwa nini ndoo? Kwa nini aweke ndoo?

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza leo. Nimefika Dundori nimelowa hadi kwenye soksi. Niliondoka Nakuru bila kufikiria, na gitaa sikubeba.

Nitaandika yote kwa utaratibu, nisije nikapoteza hata neno.

Nilimkuta anamenya viazi. Nikasema kabla ya salamu: Mama, nisamehe, nilichukua wimbo wako bila kuuliza. Machozi yalikuja yenyewe, na pua, na kila kitu. Nina miaka thelathini na mbili.

Mama aliacha kisu. Aliniangalia kwa mshangao mtupu. Akasema, "Kwani ungeuliza nini? Nilikuwa nangoja uchukue."

Kisha akanieleza, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba.

Kwenye shamba la yule mzungu kulikuwa na wakamuaji ishirini na kitu, zizi moja refu. Kila mwanamke alikuwa na ng'ombe wake na wimbo wake. Wawili wakiimba wimbo mmoja, ng'ombe anashusha maziwa kabla ndoo haijafika, yanamwagika chini, msimamizi anakuja na fimbo yake. Kwa hiyo wimbo mmoja, sauti moja. Mwanamke akizeeka au akiondoka, msichana anayechukua ng'ombe wake huchukua na wimbo. Siku msichana anapoanza kuimba, yule wa kwanza ananyamaza. Haimbi tena. Si zizini, si jikoni, si hata kwa kunong'ona akifua. Shamba liligawanywa, zizi likabomolewa, lakini wanawake walirudi nyumbani na sheria ile.

Siku Mama alipomwimbia Dachesi mara ya kwanza, Cucu alikuwa akipita na mtungi. Alisimama, akasikiliza, akaendelea na safari yake. Hakuimba tena hadi akafa. Hakumwambia Mama chochote. Hakukuwa na haja, kila mtu alijua.

Mimi sikujua. Mimi nilikuwa jikoni na kitambaa cha kuchujia.

Basi asubuhi ya kwanza niliposikika redioni, Mama alikuwa katikati ya kukamua. Redio ikiwa jikoni, mlango wazi. Akasikia sauti yangu. Akanyamaza pale pale, nusu ya mstari. Anasema alifurahi hadi akasahau kufunga lango na ndama akaingia kwenye kabichi.

Akahamisha redio zizini, Dachesi anisikie. Lakini redio inapiga wakati inapotaka, si saa ya ndoo. Mara moja ilipiga saa nne asubuhi, Dachesi akashusha maziwa yote kwenye matope. Mama alicheka alipofika hapo. Mimi sikuweza.

Nikamuuliza, na zile simu? Kila siku saa kumi?

Akasema, "Nilikuwa naweka simu pale juu ndio umwimbie. Wewe unanyamaza tu. Nikasema labda amekuwa mtu mkubwa, anaona haya kuimbia ng'ombe."

Nikakaa chini sakafuni, kati ya maganda ya viazi. Siku hizo zote tulikuwa kwenye simu wote wawili, kila mmoja akingoja mwenzake aimbe. Na ile Jumapili zizini alivyonitazama. Hakuwa ananihukumu. Alikuwa ananipa nafasi.

Nilidhani ningepata nafuu baada ya kujua. Nilipata, kama dakika tano. Kisha nikaelewa sehemu nyingine: hataimba tena. Ni kwa sababu yangu, na hilo yeye analiita furaha. Nikamwomba aniimbie mara moja tu, sehemu ya tatu, ile ya mwisho ambayo sijawahi kuisikia. Hapa jikoni, mlango umefungwa, mvua juu ya mabati, Dachesi hawezi kusikia.

Akatikisa kichwa.

Nikamwambia basi yangu ya tatu si sahihi, nimeibuni tu nikibeba ndoo.

"Na mimi nilikuwa nabeba ndoo," akasema. "Ya Cucu sijui iliishaje."

Akarudia viazi vyake.

Saa kumi nilikaa kwenye kigoda. Mikono imesahau, vidole vilikufa ganzi baada ya dakika mbili. Lakini niliimba. Niliimba "Dachesi," si "mpenzi." Sauti ilitoka mbaya, ya mafua na kilio. Dachesi hakunitazama hata kidogo. Alishusha.

Ijumaa, 21 Machi

Fomu. Nilishuka mjini asubuhi, Odera akiwa amesimama mlangoni na kalamu mkononi.

Niliketi mbele ya ule mstari dakika nyingi. Nikifuata sheria ya zizi, jina ni langu. Nikifuata moyo, ni la Mama, na la Cucu, na la wanawake ambao hata Mama hakuwajua majina. Mstari unabeba jina moja. Jana usiku Mama alikuwa amesema niandike langu na niache kulialia, ndoo haibebwi na watu watatu.

Nimeandika langu. Sijui kama nimefanya haki. Naandika hapa kwamba sijui, ili siku nikijidai najua, nisome.

Odera alitaka kunikumbatia. Nikamwambia kwenye albamu itakuwa "Dachesi," si "mpenzi." Akasema harusi zitakoma. Nikamwambia yule mwanajeshi wa Gilgil ameshaoa, yatosha.

Ninarudi Dundori leo hii hii, kukamua hadi Jumapili.

Jumapili, 23 Machi

Siku tatu za kukamua tangu nirudi. Viganja vimechubuka, gitaa nitalishikaje sijui. Ndoo moja na kidogo jana, moja na nusu leo. Mtu wa maziwa amenyanyua kifuniko, akapiga mluzi. Akapiga ule wimbo, na akakosea palepale.

Kesho lazima niwe studio. Nimemwambia Mama nina wazo. Akasema mkono wa mmoja na sauti ya mwingine ni kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Nikasema redio pia haikuwahi kuonekana zizini. Akasema atafikiria.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imetulia mchana. Nimenunua uzi mpya wa tatu.

Saa kumi kasorobo nilizima jiko, nikafunga dirisha, nikafungua tena. Saa kumi nikapiga. Mama akapokea, akaweka simu juu ya nguzo. Nikasikia kigoda. Nikasikia maji yakimwagwa. Halafu kimya, ule ule wa majuma yote haya, lakini sasa nilijua ni wa nani kuuvunja.

Nikaimba. Nilisimama kando ya meza yangu ya jikoni, bila gitaa. Jirani wa chini hakugonga. Mwanzoni maziwa yalilia kwenye ndoo tupu, yale makali ya bati. Kisha yakaanza kulia mazito. Sehemu ya kwanza. Ya pili, ule mteremko. Sikuharakisha.

"Ndoo imejaa," Mama akasema.

Nikanyamaza, nikangoja akate. Hakukata. Nikasikia ndoo ikisogezwa kando na nyingine ikiwekwa mahali pake. Kigoda kikasogea.

Nikaimba ya tatu.